Mahindi ya Kugawiwa Mara Mbili

Efrazia binti Sefania hakuwa mwimbaji. Alipokuwa msichana, kwaya ya kanisa pale Kwemhunda ilimjaribu, na baada ya Jumapili chache mwalimu wa kwaya akamwomba kwa upole arudi kukaa na washarika, maana sauti yake ilipanda ilikotaka na kushuka ilikotaka, wala haikusikia amri ya mtu. Lakini Mungu hamnyimi mja wake yote. Efrazia alipopiga vigelegele, wachuma chai wa ng'ambo ya bonde waliinua vichwa wakaulizana Kwemhunda kuna nini leo. Vilikuwa vigelegele virefu, vyembamba, vyenye makali kama kisu kilichotoka kunolewa, tena vya kuambukiza: akianza yeye, hakuna mwanamke aliyeweza kukaa na mdomo umefungwa.

Kwemhunda ni kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, juu ya Mgwashi, na watu wake ni wakulima wa maharage, magimbi na kahawa kidogo. Efrazia aliolewa hapo hapo na Nathanaeli, mpasua mbao, mtu mrefu na mpole, mzee wa kanisa, ambaye msumeno ulimzoeza kusema kwa vituo. Waliishi ua mmoja na mama yake Nathanaeli, bibi Secilia. Bibi huyu Kiswahili alikijua cha kusalimia tu. Mengine yote aliyasema kwa Kishambaa, na alimpenda mkwewe kuliko alivyompenda mwanawe, jambo ambalo hakulificha hata mbele ya mwanawe mwenyewe.

Mwaka wa Uhuru, asubuhi bendera mpya ilipopandishwa kwenye uwanja wa shule, Efrazia alikuwa na mtoto mgongoni, Tobia, kifunguamimba wake. Alipiga vigelegele mpaka mtoto akalia, akambembeleza, akapiga tena. Hakuna aliyemtuma. Alipoulizwa baadaye siku ile alikuwa akimshangilia nani, alisema hakuwa akimshangilia mtu. Alikuwa akishangilia kwamba hatakuja tena bwana shamba wa serikali ya Mwingereza kumburuta baba yake barazani kwa sababu matuta ya shamba lake hayakukatwa wanavyotaka wao.

Tangu siku ile Chama kikamjua. Akija mgeni kufungua darasa, Efrazia aitwe. Akija mtu wa kusomesha Azimio, Efrazia aitwe. Duka la ujamaa lilipofunguliwa, na lilipofungwa likafunguliwa tena, Efrazia alikuwepo amejifunga khanga yake ya kijani, akisimama mbele ya akina mama. Hakulipwa kitu wala hakuomba. Aliamini kwamba nchi changa ni kama mtoto anayejifunza kutembea: ukimshangilia, atainua na mguu wa pili.

Mwaka ule wa njaa, wa sabini na tano, mvua za vuli zilikuwa zimepita mbali, na masika yakaja kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Maharage yalikauka yakiwa maua. Watu walikula magimbi, yalipokwisha wakala ndizi changa, na zilipokwisha wakaanza kuchimba mizizi ambayo wazee tu ndio walioijua, wakikumbuka njaa za zamani. Ndipo likaja lori. Lilipanda kona za mlima likilia kama mgonjwa, limejaa magunia ya mahindi ya njano, yale yaliyoitwa ya yanga, yaliyotoka ng'ambo kwa msaada. Efrazia aliliona kutoka shambani. Alitupa jembe akakimbia, na kabla lori halijasimama mbele ya ghala la ushirika, vigelegele vyake vilikuwa vimeshafika Mgwashi.

Magunia yakapakuliwa, yakaingizwa ghalani. Mwenyekiti wa Chama wa kata, bwana mmoja aliyeitwa Lucian, akafunga mlango kwa kufuli. Lucian alikuwa mtu wa makamo, Mkatoliki miongoni mwa Walutheri, na watu walimchagua kwa sababu alijua kusikiliza pande zote mbili za ugomvi na kuziacha zote zikidhani amekubaliana nazo. Akasimama juu ya ngazi ya ghala akawatangazia wananchi kuwa mahindi ni yao, hakuna wa kuyagusa, ila yatagawiwa na mgeni wa heshima kutoka mkoani, atakayekuja na mpiga picha wa gazeti. Wavumilie siku chache.

Watu walipiga makofi. Efrazia naye alipiga makofi.

Siku chache zikapita. Mgeni akapeleka salamu kuwa amepata safari. Zikapita nyingine; gari lake likaharibika Mombo. Baadaye ikasemekana yuko mkutanoni Dodoma. Kila asubuhi watu walipita karibu na ghala, na wengine walisimama ukutani upande wa jua, maana ukisimama pale ulisikia harufu ya mahindi ikipenya kwenye nyufa za mbao. Panya waliingia na kutoka. Panya peke yao ndio waliokuwa hawamsubiri mgeni.

Nyumbani kwa Efrazia, bibi Secilia alianza kusema kuwa tumbo lake limejaa. Akiandaliwa kidogo kilichopatikana, alikionja kwa adabu na kukisukuma kwa wajukuu, akisema kwamba mtu mzima hali kama mtoto. Efrazia alimgombeza, bibi alicheka. Kila jioni aliuliza neno moja tu, kwa Kishambaa: mgeni amefika? Akiambiwa bado, alijibu kwamba huenda kesho.

Asubuhi moja Efrazia alimtoa nje akamkalisha kwenye kigoda aote jua, akaenda kuteka maji. Aliporudi alimkuta amekaa vile vile, mikono mapajani, macho yakitazama njia ya magari. Alimsalimia. Akatua ndoo, akamsalimia mara ya pili. Alipomgusa bega, bibi Secilia aliinama polepole upande mmoja, akamwegemea kifuani, mwepesi kama furushi la majani makavu.

Efrazia hakulia. Wanawake waliokuja kumwosha marehemu walimtazama wakaogopa, maana alikuwa ameketi na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Alikuwa akisema jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa: kutoka hapa mpaka ghalani, ukiita mtu anakuitika.

Kwenye mazishi Lucian alikuja, amevaa shati lake la Chama. Alitoa pole za kata nzima. Alisema bibi Secilia alikuwa mfano kwa vijana, mwananchi mvumilivu aliyengoja kwa nidhamu mpaka pumzi ya mwisho. Nathanaeli aliinamisha kichwa akasema ahsante. Efrazia aliinua chake. Alimtazama mwenyekiti muda mrefu, kama anayesoma maandishi yasiyosomeka, kisha akaondoka pale kaburini kabla mwinjilisti hajamaliza sala. Alitelemka njia, akapita uwanja wa shule, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha ghala, mgongo kwenye kufuli.

Wa kwanza kumfuata alikuwa jirani yake Marta, aliyedhani mwenzake amerukwa na akili, akaja kumrudisha nyumbani. Akaketi ili ambembeleze, asiinuke tena. Kufikia adhuhuri ngazi zilijaa wanawake. Hawakuimba wala hawakupiga kelele. Walikaa.

Lucian alikuja na mgambo wawili. Mmoja wao, Kristofa, alikuwa mtoto wa shangazi yake Efrazia, na alipomwona dada yake pale alisema shikamoo kwa sauti ndogo, akaenda kusimama nyuma ya mwenzake.

"Mama Tobia," alisema Lucian, "najua una msiba. Lakini hapa unanitafutia makubwa. Sina amri ya kufungua."

"Ufunguo uko wapi?"

"Si suala la ufunguo."

"Nimeuliza uko wapi, Mwenyekiti."

Lucian aligusa mfuko wa shati bila kutaka. Wanawake wote waliuona mkono wake ukienda pale. Alifuta jasho shingoni ingawa kulikuwa na ukungu, kisha akawaambia mgambo waende nyumbani. Naye akaenda.

Walilala pale. Kesho yake jua lilipopanda, mwenyekiti alirudi peke yake. Hakuwa ameoga wala kunyoa. Aliwaomba wapishe, na ufunguo ukakosa tundu mara mbili, ikabidi Marta amshikie kufuli. Akafungua mlango, akasema wapange mstari kwa kaya, wenye watoto wachanga mbele.

Na hapo ndipo Efrazia alipopigwa na mshangao wa pili, ambao kwa maneno yake mwenyewe ulimuumiza vibaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kifo angalau kina nguvu kuliko watu. Watu walishangilia! Wanaume waliokuwa wamejificha majumbani wakati wake zao wamekaa kwenye ngazi walikuja mbio. Juma, dereva wa zamani wa kiwanda cha chai, na vijana wengine walimnyanyua Lucian begani wakamzungusha uwanja. Mtu akapaza sauti, "Mwenyekiti wetu hoyee!" na wote wakaitikia. Wakasema ni mkombozi, wakasema ni baba wa wanyonge, na wanawake wale wale waliolala juu ya mawe ya baridi wakapiga vigelegele. Wakamgeukia Efrazia awaongoze. Efrazia alikuwa amesimama na debe lake la mahindi, akiwatazama kama watu wa lugha nyingine.

Jioni, uji ukiwa jikoni na watoto wakiusubiri, Nathanaeli alimwambia mkewe kwamba hakufanya vizuri kununa mbele za watu. Alisema mwenyekiti amejitia hatarini. Amekwenda kinyume na wakubwa.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Mtu akitenda jema, hata kama amesukumwa, asifiwe. Ili kesho atende tena."

"Mama anayemnyonyesha mwanawe, nani humpigia ngoma?"

"Si sawa na hilo."

"Ni sawa. Yale mahindi yalikuwa yetu tangu yaliposhuka kwenye lori. Amefungua mlango alioufunga mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Nathanaeli, na huyu alianza kutia maji kabla hajasifiwa." Akakoroga uji. "Mama yako angekuwa anakula sasa hivi."

Nathanaeli aliinuka. Alikwenda kusimama nje kwenye migomba, akakaa huko mpaka alipoitwa kula.

Mahindi yalikuwa yameliwa kiasi cha nusu wakati habari ilipofika kuwa mgeni wa heshima sasa anakuja kweli. Alitangulia katibu mmoja kutoka wilayani, Anselm, kijana nadhifu mwenye miwani. Alikuta ghala tupu. Watu waliokuwepo walisema alikaa juu ya mzani, akavua miwani, akaivaa tena. Hakugomba. Aliwaita wazee na mwenyekiti, akawaeleza kwa heshima kubwa kwamba kazi imefanyika, hakuna ubaya, lakini haikufanyika rasmi. Mgeni hawezi kupanda mlima wote huu na mpiga picha kuja kugawa hewa. Basi kila kaya irudishe ilichobakiza, kiwekwe kwenye magunia, mgeni akigawe, kila mtu aondoke nacho tena. Hakuna atakayepoteza kitu.

"Na hayo yaliyoliwa?" aliuliza mzee mmoja.

Anselm alisema hilo litatafutiwa njia.

Efrazia alisikia habari hiyo kutoka kwa Marta, akacheka, akidhani ni mzaha wa msibani, ule wa kumfuta mtu machozi. Kesho yake aliona watu kwenye njia, wamejitwika madebe na vikapu, wakirudisha mahindi ghalani. Walikuwa wakirudisha kweli. Mama mmoja alipita na kibakuli tu kimefunikwa kwa jani, akasema shikamoo huku akitazama chini. Efrazia alimshika mkono akamuuliza unakwenda wapi na chakula cha watoto. Yule mama akajibu kwamba ni cha siku moja tu, dada, kisha tunarudishiwa, na usipopeleka utaitwa mpinga maendeleo.

Efrazia hakupeleka. Alimfuata mumewe kwenye shimo la kupasulia mbao, chini ya miti mirefu, amweleze wazimu ulioingia kijijini. Alipofika ukingoni alisimama. Kristofa na mgambo mwenzake walikuwa ndani ya shimo na makoleo, wakijaza maranda kwenye magunia. Maranda mekundu, mazuri, ya mti uliopasuliwa wiki ile. Yalijazwa mpaka juu ya nusu, kisha juu yake yakamiminwa mahindi, gunia likashonwa mdomo. Nathanaeli alikuwa ameketi juu ya gogo, msumeno magotini.

 Efrazia aliwatazama wale vijana, akamtazama mumewe, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kumdanganya hata bei ya chumvi.

"Waliniomba," alisema Nathanaeli. "Ni kwa ajili ya Lucian. Mgeni akikuta ghala tupu, Lucian kwisha. Si ulisema hakufanya lolote? Mimi nadhani alifanya, nami namlipa kwa nilichonacho."

Efrazia aliketi kwenye nyasi. Lililomshangaza si uovu wa jambo lile. Lililomshangaza ni kwamba lilikuwa limetengenezwa na watu wema, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri.

Siku ya mgeni uwanja ulipambwa kwa majani ya migomba. Watu walikuja wote, maana chakula chao kilikuwa kwenye yale magunia. Efrazia alikuja pia. Anselm mwenyewe alipita nyumbani kumwambia kuwa sifa zake zimefika hadi wilayani na kwamba yeye ndiye atakayefungua shangwe. Alisimama mahali pake pa siku zote, mbele ya akina mama, na khanga yake ya kijani. Alisema baadaye kwamba hakuwa amepanga jambo lolote. Alikwenda kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake kama kweli litafanyika.

Mgeni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kupendeza. Alizungumza juu ya kujitegemea. Alimsifu Ndugu Mwenyekiti wa kata kwa kuitunza amana ya wananchi wakati wa dhiki, bila kugusa hata punje, akingoja utaratibu. Viongozi wa namna hii, alisema, ndio nguzo. Lucian alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kiti cha shule, ametazama viatu.

Kisha mgeni akavua koti. Alitaka, alisema, kumtwika mama mmoja gunia kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa kiongozi ni mtumishi. Mpiga picha akasogea. Anselm alijaribu kusema kwamba labda debe lingefaa, lakini mgeni alikuwa ameshainama, ameshika gunia pembe mbili, amekaza shingo na kuvuta pumzi kama mtu anayejua uzito wa gunia la mahindi.

Gunia likapaa. Lilipanda kama mto wa kulalia, nusura mgeni aanguke chali nalo.

Uwanja mzima ulinyamaza. Mgeni alisimama amekumbatia gunia kifuani, uso wake mchangamfu ukiganda taratibu, akilitikisa kidogo, akilisikiliza. Mpiga picha aliteremsha kamera. Na katika kimya kile Anselm alimgeukia Efrazia, akamwambia kwa meno yaliyobanwa:

"Mama, vigelegele. Piga sasa hivi."

Kinywa cha Efrazia kilikuwa wazi tayari; watu waliosimama mbele yake walikiona. Kigelegele kimoja tu kingetosha: wanawake wote wangemfuata, wanaume wangepiga makofi, mgeni angelitua gunia, jambo lingepita. Efrazia alitazama magunia yaliyopangwa. Akafunga mdomo.

 Marta, aliyesimama nyuma yake, alisema baadaye kwamba alisikia kuku wakiparua upande wa pili wa ghala. Ndipo Lucian alipoinuka kwenye kile kiti. Alikuwa amekwajuka kama mtu mwenye homa.

"Ndugu Mgeni," alisema, "hayo ni maranda. Mahindi niliwagawia watu zamani. Hawa walikuwa wanakufa. Mmoja alikufa."

"Uliwagawia?"

"Niliwagawia. Na haya ya juu wameyatoa vinywani mwao, ili uyagawe wewe."

Mgeni alilitua gunia chini polepole. Watu wakangoja aseme neno juu ya aliyekufa. Angeuliza jina lake, labda, au nyumba yake. Aliuliza, "Na nani alikupa ruhusa?"

Efrazia aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliposimulia alirudia swali lile kwa sauti ile ile ya kupendeza, kisha akatulia, kana kwamba alikuwa bado hajalisikia sawasawa.

Mgeni hakula chakula alichoandaliwa. Magari yaliondoka, watu wakakimbilia magunia, wakayapasua wakichambua punje kutoka kwenye maranda, na hakuna aliyeyapima. Siku chache baadaye Lucian aliitwa wilayani, akarudi bila shati la Chama. Ilisemwa amevuruga ugawaji na kumfedhehesha mgeni. Mambo ya maranda alibebeshwa yeye yote, na hakubisha wala hakumtaja Nathanaeli. Mahali pake akawekwa mtu mwingine wa kukaimu.

Na wale waliombeba begani? Mshangao wa Efrazia ulianza upya kila alipopita njiani. Nyumbani kwa mwenyekiti, ambako zamani hapakukosa watu barazani, sasa mbuzi walilala barazani. Juma, aliyemzungusha uwanja, alisema hadharani kuwa yule mtu aliwaponza wote, na msaada mwingine hautakuja. Wengine walisema alifungua ghala kwa kujitafutia jina. Mvua zilipokaribia, kila shamba lilipata msaragambo wake, watu wakilimiana kwa zamu kama ilivyo desturi. Zamu ya Lucian ilipofika, watu walikuwa na udhuru.

Nathanaeli alisema ataenda, lakini aibu ya maranda ilimzuia. Alijua mtu yule amebeba mzigo wake. Basi akaenda Efrazia. Alimkuta Lucian na mkewe, Mama Imelda, wakilima peke yao mteremko mkubwa unaoelekea bondeni. Aliegemeza jembe.

"Hamjambo, Baba Imelda. Sikuja kukusifu."

"Najua," alisema Lucian.

"Mama mkwe wangu angekuwa hai kama ungefungua siku lilipofika lori."

"Hilo nalijua pia. Nalijua kila siku." Aliifuta mikono kwenye suruali. "Mama Tobia, nikuambie ukweli. Siku ile nilipofungua, sikuwa na moyo wa kishujaa. Nilikaa nyumbani nikapima, nikaona nawaogopa ninyi kuliko ninavyowaogopa wao. Basi. Waliponibeba begani nilitamani kuwaambia wanishushe, lakini nilinogewa."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikuwa natazama kinywa chako. Nikasema moyoni, akipiga nitakaa, asipopiga nitasimama. Kwa hiyo hata ile siwezi kusema ni yangu."

Efrazia alimtazama mtu huyu aliyemchukia na ambaye alikuwa bado hajaamua kuacha kumchukia. Alikuwa ametarajia ajitetee, ili yeye apate pa kumpiga. Alishika jembe, akachagua mstari wake, akaanza kulima kutoka upande wa chini. Mama Imelda aliwaletea magimbi ya kuchemsha kwenye sinia, wakala wamechuchumaa, bila maneno mengi, wakaendelea.

Alasiri Juma na wenzake wawili walipita kwenye njia ya juu, wakitoka shamba la mtu mwingine. Walipomwona walisimama.

"Mama Tobia, shikamoo," aliita Juma.

Efrazia hakuitikia. Alijinyoosha mgongo, akaegemea mpini.

"Shamba hili lina mwenyewe," alisema. "Anza na yeye."

Juma aliwatazama wenzake. Njia ilikuwa nyembamba na hapakuwa na pa kugeukia ila arudi alikotoka. Mwishowe alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Lucian, akainama tena kwenye jembe lake, na Efrazia akamwitikia Juma salamu yake, wakaendelea kulima mpaka mstari ulipokwisha.